Vidato vya Kisimani

Mwamba ukikatika, na vipande vyake viwili vikaachana, mtu aliye baina yake atajuaje ni kipande kipi kilichosogea, na kilikuwa kinaelekea wapi?

Swafia alijiuliza swali hilo akining'inia kwa kamba ndani ya kisima cha bibi yake, pima tatu chini ya ua, mgongo umeegemea jiwe la matumbawe lenye unyevu. Alikuwa na tochi, dira aliyoazimwa na chuo, daftari lililofungwa shingoni kwa uzi, na suruali ya kakake aliyoivaa chini ya gauni ili ami yake asipate neno la kusema.

"Umefika?" Sauti ya Mung'aro ilishuka kutoka mdomo wa kisima. "Au nikuongeze kamba?"

"Nishikilie hapo hapo, Mzee Mung'aro!"

"Nakushikilia. Lakini usikae sana. Nimezoea kushika ndoo mimi, si mwana wa chuo kikuu. Ndoo ikianguka hununuliwa nyingine."

Mambo yote hayo yalianzia miguuni mwa huyo Mung'aro. Alikuwa mtu wa Kaloleni, na kwa zaidi ya miaka ishirini riziki yake ilikuwa kusafisha visima vya Mji wa Kale. Visima hivyo vilichongwa kwa mkono ndani ya mwamba, na mafundi waliovichonga waliacha vidato, yaani vitundu vya kutia vidole vya mguu, safu moja kushoto na safu moja kulia, kutoka mdomoni hadi majini. Mzoefu hushuka kwavyo macho yamefumbwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akishuka Mung'aro, Januari ya mwaka wa tisini na sita, ilipombidi apande tena kwa haraka na kwenda kumtafuta mwenye nyumba.

"Mguu mmoja umegonga jiwe kabla ya wakati wake," alimwambia Bibi Mwanatumu, "na wa pili umekuta hewa. Vidato vya juu na vya chini havisalimiani, Bibi."

"Tangu lini?"

"Hilo sijui. Mara ya mwisho kuingia humu ni miaka minane iliyopita, bomba lilipotiwa, na siku ile nilishuka kwa ngazi."

Wakati mwingine maneno hayo yangepita. Lakini mifereji ya mtaa ilikuwa imekauka kwa majuma mengi, na Mwalimu Taib, ami yake Swafia, alikuwa amekubaliana na majirani wajenge tangi kubwa la zege nyuma ya nyumba hiyo, lijazwe kwa maji ya kisima, kila mwenye ndoo apate. Mahali palipochaguliwa ni ukingoni mwa jabali linaloitazama bandari ya kale, ukuta kwa ukuta na chumba ambamo Mwalimu Taib aliwasomesha Kurani watoto thelathini na wanne. Bibi Mwanatumu alisikia habari ya vidato, akakunja leso yake, akasema kwamba nyumba ni yake na mtoto wa watu hatawekewa mzigo wa maji ubavuni mpaka ajue chini yake kuna nini.

Mhandisi mmoja aliitwa akaahidi kuja, kisha akaahidi tena. Ndipo Swafia, mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa pili, aliyekuwa nyumbani kwa sababu chuo kilifungwa baada ya mgomo, aliposema mbele ya wote, "Nitashuka mimi."

Sasa alikuwa ameshuka, na mbele ya macho yake palikuwa na ufa.

Ulikata kisima chote kwa mshazari. Upande mmoja ulipita usawa wa kifua chake. Upande wa pili ulikuwa chini zaidi kwa shibiri nzima. Ndani yake mlikuwa na udongo mwembamba wa rangi ya hina, laini, wenye utelezi. Na palepale ufa ulipokuwa chini zaidi, kipande cha mwamba cha chini kilijitokeza kama rafu, upana wa vidole vinne. Alizungusha tochi. Upande wa pili mambo yalikuwa kinyume: mwamba wa juu ndio uliojitokeza na wa chini ukarudi nyuma.

Ami Taib alikuwa na maelezo yake. Alisema fundi wa kwanza alikufa kwa homa kazi ikiwa nusu, mwanawe akaendeleza kwa mkono mwingine, na hakuna ajabu kazi ya mikono miwili ikatofautiana. Swafia alinyoosha utepe wake wa kupimia juu ya ufa, kisha chini yake. Upana ulikuwa ule ule. Mkono mwingine ungechimba kisima chembamba zaidi, au kipana zaidi. Haungechimba kisima kile kile na kukisogeza kizima kando kwa vidole vinne. Mwamba ulikuwa umesogea. Aliuhisi moyo wake ukidunda kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya.

Ilibaki kujua unaelekea wapi. Kamba ilikuwa imemzungusha mara nyingi njiani hata hakujua tena jikoni ni upande gani na bahari ni upande gani. Bomba la chuma la pampu nalo halikumsaidia, maana huko juu lilizungushwa mdomo wa kisima kabla ya kushuka. Aliiweka dira juu ya ile rafu ya jiwe, shibiri moja kutoka kwenye bomba, akangoja sindano itulie. Ilitulia. Akaandika: ufa umeinama kuelekea magharibi. Rafu iko magharibi. Kishubaka cha taa, kilichochongwa ukutani baina ya safu mbili za vidato, kiko kusini.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja zaidi. Alikoroga jasi kidogo ndani ya kopo, akaibandika juu ya ufa kama bendeji, nusu kwenye mwamba wa juu na nusu kwenye wa chini, akaandika tarehe kwa msumari. Mhadhiri wao aliwafundisha hivyo: jasi haina uongo, ikivutwa hukatika. Alilifanya kwa mazoea ya darasani tu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba kitupu.

Jioni ile, ukumbini, Ami Taib alitaka kuelezwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyewahi kusema kwamba elimu ya mawe haimfai mtoto wa kike kwa sababu mawe hayaolewi wala hayaoi. Swafia alivuta sahani ya mkate wa sinia, akaukata kwa kisu kilicholazwa, mshazari.

"Huu ndio mwamba, Ami. Tazama, kipande hiki kimelala juu ya mwenziwe, na hiki kimembeba. Kinachotuhusu ni kile kilicholala kimekwenda wapi. Ardhi ikivutwa huku na huku, kilicholala huteleza chini kwa mwinamo. Huo ni ufa wa kushuka. Bonde la Ufa limefanyika hivyo. Ardhi ikibanwa, kilicholala hupandishwa juu ya mwenziwe. Huo ni ufa wa kupanda. Na kuna wakati hakishuki wala hakipandi, vinapishana kando kwa kando kama watu wawili kichochoroni."

"Na vikishuka huku vinapishana?" aliuliza Bibi Mwanatumu, ambaye hakuwahi kukanyaga shule.

"Naam, Bibi! Huo nao una fungu lake. Na ufa usiosogea kabisa haumo katika haya mafungu. Huo ni mpasuko tu."

"Na wetu?"

"Wetu ni wa kushuka. Mwamba uliobeba ua na chumba cha watoto umelala juu ya udongo laini, na umeteleza vidole vinne."

Ami Taib aliacha kutafuna. "Umeteleza kwenda wapi?"

"Magharibi. Ndani ya kisiwa." Swafia alisukuma kipande cha mkate mpaka kikagota kwenye ukingo wa sahani. "Mbele yake kuna jiwe lote la Mombasa, limeuzuia. Hauna pa kwenda tena. Huenda ulisogea kabla babu zetu hawajazaliwa, mafundi wakachimba... la, baada ya kisima kuchimbwa, lakini zamani, ukagota, ukatulia."

"Na lau ungekuwa unaelekea mashariki?" Bibi hakuwa na haraka.

"Mashariki kuna bahari, Bibi. Hakuna cha kuuzuia."

Kisha Ami Taib alichukua kile kipande kilicholala, akakitia kinywani. "Na huu," alisema, "ni ufa wa kuliwa. Niandikie hayo, mwanangu. Niandikie kwa Kiswahili kizuri, nitayasoma mbele ya watu."

Akaandika. Ijumaa, baada ya sala, ami yake alisimama akaisoma barua nzima, na alipofika "hakuna hatari" alilisoma neno hilo mara mbili, akaongeza lisilokuwemo: "Haya ni ya binti yetu, wa nyumba yetu." Swafia aliyasikia kwa majirani kabla hajayasikia kwake, na siku ile alipita barabara ya Ndia Kuu akiwa na hatua ndefu kidogo kuliko kawaida yake.

Jumatano, malori mawili yalikuja na mchanga na kokoto. Vichochoro havikuyaruhusu, basi wanaume wa mtaa wakaubeba mzigo kwa mikokoteni na makarai mpaka uani, wakaumwaga ukingoni mwa jabali, lundo la urefu wa mtu. Zege lingemwagwa Jumamosi asubuhi.

Jumamosi hiyo stima zilikuwa zimekatika. Bibi Mwanatumu alikuwa jikoni akipiga kanzu ya Taib kwa pasi ya makaa, na Swafia ameketi upande wa pili wa meza akiinakili kwa wino picha ya kisima, apewe ami yake kama kumbukumbu. Dira ilikuwa juu ya karatasi, kuizuia isipeperuke. Nje mabeleshi yalishaanza kukwaruza sakafu, na kutoka chumba cha nyuma zilisikika sauti za watoto, zikipanda na kushuka pamoja.

Bibi aliinama juu ya picha. "Hiki kidirisha ndicho nini?"

"Kishubaka cha taa, Bibi. Kiko kusini."

"Kusini?" Bibi alicheka mpaka akaiinua pasi isije ikaunguza. "Wewe! Fundi aliyechimba kisima hiki alikuwa mtu wa sala. Alikuwa akishinda humo chini kutwa nzima. Kishubaka cha taa alikichonga upande wa kibla, ili adhuhuri ikimkuta humo ajue pa kuelekea. Na vidato akaviweka kushoto na kulia, asije mtu akaukanyaga upande huo kwa mguu. Hayo nilielezwa na marehemu babu yako siku nilipoletwa humu harusi, nikaonyeshwa kisima kama mtu aonyeshwavyo msikiti."

"Pengine alikosea, Bibi. Dira haina mazoea ya watu. Inasoma ilivyo."

"Kibla cha Mombasa ni kaskazini, mwanangu. Au huko Nairobi kimehama?"

Swafia alifungua mdomo kujibu. Bibi Mwanatumu, naye akiwa bado anacheka, aliitua pasi mezani, kando ya karatasi.

Sindano ya dira ilitikisika. Kisha, taratibu, bila aibu, ikageuka nusu duara ikaielekea pasi.

Swafia alishika mpini, akaivuta pasi kushoto. Sindano ikaifuata. Akaivuta kulia. Ikaifuata tena, kama paka anayefuata mkono wenye samaki.

"Una nini?" Bibi aliuliza. "Umekuwa mweupe kama chokaa."

"Bomba," alisema Swafia. "Bibi, niliiweka karibu na bomba."

Alichukua kalamu, akaigeuza picha: kishubaka kaskazini. Basi bomba, lililo ukuta wa pili likikitazama kishubaka, liko kusini, na sindano ilikuwa imeliita bomba kaskazini. Basi rafu ya jiwe, upande ambao ufa umeinamia, upande ambao mwamba wa juu unateleza, haiko magharibi. Fungu la ufa alilipata sawasawa, wa kushuka; mwelekeo ndio alioupindua, kitu kizima, juu chini. Na mchanga wa malori mawili ulikuwa umekaa mgongoni mwa mwamba huo tangu Jumatano.

Nje, mtu alicheka, na kokoto zikamwagika kwa kishindo.

Alimkuta Mung'aro amechutama karibu na kisima akivuta maji ya kukorogea saruji.

"Mzee Mung'aro, nishushe."

"Sasa hivi? Watu wangoja maji."

"Sasa hivi. Na unitafutie fimbo ndefu na uzi wa fundi."

Mung'aro alimtazama usoni, na mzaha aliokuwa nao midomoni akaumeza. Walilaza fimbo juu ya mdomo wa kisima, ncha moja ikielekea bahari. Upande wa ncha hiyo, ndani kidogo ya mdomo, Swafia alifunga uzi wenye jiwe dogo, na katika uzi akafunga kitambaa chekundu alichokichana pembeni mwa leso. Uzi ukateremshwa, ukanyooka. Popote kamba itakapomzungusha, kitambaa chekundu ni bahari. Kitu rahisi mno. Mung'aro mwenyewe angemfanyia siku ya kwanza, lau angeulizwa.

Alishuka. Safari hii aliuona ukuta kwa jicho jingine. Vumbi la jiwe lilimdondokea nyweleni kila gurudumu la mkokoteni lilipopita juu. Pima moja. Pima mbili. Sauti za watoto zilimfikia kupitia mwamba wenyewe, nene, bila maneno, kana kwamba jiwe ndilo lililokuwa likisoma.

Pima tatu. Akawasha tochi.

Kitambaa chekundu kilining'inia juu ya rafu ya jiwe, kikiigusa karibu.

Alijua kitakuwa hapo. Aliuelekeza mwanga pale alipobandika jasi. Tarehe yake ilikuwepo, mwandiko wake wa msumari. Lakini baina ya siku na mwezi palikuwa pamepita mstari mweusi. Jasi ilikuwa imekatika vipande viwili. Alitia ukucha wa kidole gumba katika upenyo huo, ukucha uliingia. Kipande cha juu kilikuwa kimeshuka kidogo na kusogea, si kushoto, si kulia, bali moja kwa moja kuelekea kitambaa chekundu. Na ule udongo wa rangi ya hina, uliokuwa na unyevu tu siku ile, sasa ulikuwa unang'aa, umekamuliwa nje ya ufa kama samli.

Siku tisa tangu abandike jasi, tatu tangu mchanga umwagwe. Kwa uzito wa mchanga peke yake.

Huko juu sauti ya Fundi Kamaludin, msimamizi wa kazi, ilipaa juu ya nyingine zote. "Haya, jamani! Bismillahi! Leteni karai la kwanza!"

"Nipandishe!" Swafia alipiga kelele. "Mzee Mung'aro, nipandishe! Upesi!"

Kamba ilikaza kifuani. Mung'aro alikuwa peke yake kwenye roda, lile gurudumu la kamba, na alimvuta kwa mikupuo mifupi, akihema kwa sauti. Goti la Swafia lilichunika ukutani. Alijaribu kusaidia kwa kutia vidole vya mguu katika vidato, kushoto, kulia, kushoto, kama walivyopanda waliokufa zamani. Hakuwa akifikiria tena mafungu ya nyufa. Alifikiria barua ile, na lile neno lililosomwa mara mbili.

Alipotokea uani, gauni limejaa udongo na goti linavuja damu, watu kama ishirini waligeuka. Fundi Kamaludin alikuwa amesimama ukingoni mwa msingi, karai la zege limeinuliwa na vijana wawili mbele yake. Ami Taib alikuwa kando, ndani ya kanzu iliyopigwa pasi asubuhi ile.

"Msimwage," alisema Swafia.

"Kuna nini?" aliuliza ami yake. "Umeanguka?"

"Sikuanguka, Ami. Nilikosea. Mwamba huu hauelekei bara. Unaelekea baharini." Alikionyesha kisima kwa kidole. "Dira yangu ilivutwa na bomba la chuma, nami sikuhakikisha. Bibi ndiye aliyejua upande, kwa kishubaka. Nimeshuka tena kwa uzi. Jasi niliyobandika juma lililopita imekatika."

Minong'ono ilipita. Mtu mmoja nyuma, muuza samaki wa Mlango wa Papa, alicheka kwa pua. "Ijumaa magharibi, Jumamosi mashariki! Hata jua halina tabia hiyo."

Wengine wakacheka. Swafia alihisi masikio yakimwaka. Mtu huyo alikuwa na haki yake.

"Binti," Fundi Kamaludin alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha koroga saruji, "wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuuzibe. Nitamshusha kijana na saruji, nitaujaza wote, na mambo yatakwisha kabla ya adhuhuri."

"Ufa wa wahenga ulikuwa ukutani, Fundi, umetulia. Huu unatembea. Ukiujaza saruji utatembea na saruji yako."

"Kwani umeteleza kiasi gani?"

"Tangu Jumatano, unene wa ukucha."

"Unene wa ukucha!" Kamaludin alifungua mikono kwa watu wote. "Jamani, kwa ukucha?"

Ami Taib alimsogelea binti wa nduguye, akashusha sauti, lakini ua ulikuwa mdogo na kila mtu alisikia. "Swafia. Miaka miwili nimewabembeleza watu hawa. Barua yako nimeisoma mimi, kwa kinywa changu, mahali pa ibada. Nikisimama tena niseme mwamba umegeuka, nani ataniamini, na nani atakuamini wewe? Tumalize leo. Jumatatu nitakwenda mwenyewe kumleta mhandisi, akisema tuvunje, tutavunja."

"Zege ni zito kuliko mchanga, Ami. Na maji yakijazwa ni mazito zaidi."

"Una hakika litaanguka?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Angeweza kusema ndiyo, na neno moja hilo lingemaliza ubishi. Aliutazama uso wa ami yake, ndevu zilizochanwa vizuri, kanzu nyeupe iliyokuwa bado na harufu ya makaa. Alikwisha kumpa neno moja asilolihakikisha.

"Nina hakika ya upande," alisema. "Sina hakika ya siku. Huenda ikawa miaka. Huenda ikawa leo, mzigo huu ukiongezwa. Asiyejua siku, Ami, hawaachi watoto wakae hapo kuingojea."

Kutoka chumba cha nyuma sauti zilikuwa zimepungua. Watoto walikuwa wamesikia ugomvi, nao wakasogea dirishani, vichwa vidogo vyenye kofia na buibui vimebanana. Nyuma yao, kupitia dirisha la pili, palikuwa hapana kitu ila anga.

Ami Taib aligeuka kumtafuta mama yake. Bibi Mwanatumu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, pasi bado mkononi, kama mtu aliyesahau kwamba ameishika.

"Mama, nyumba ni yako. Sema."

"Niseme nini?" Bibi aliuliza. "Mimi kisima nimekijua kwa kuhadithiwa. Aliyeingia ndani yake ndiye huyo mbele yako, na ameingia mara mbili. Mara ya kwanza alikosea, ametwambia amekosea. Wewe Taib, ni wangapi hapa waliowahi kukwambia hivyo bila ya kushikwa?"

Mung'aro, aliyekuwa bado ameketi kando ya roda akipooza viganja vyake kwa maji, alisema bila kuinua kichwa, "Mimi miguu yangu ilisema mwanzo. Hakuna aliyeiandikia barua."

Vijana wawili walikuwa wamechoka. Waliliweka karai chini. Ami Taib alilitazama karai, kisha lundo la mchanga, kisha dirisha. Midomo yake ilitikisika kana kwamba anasoma. Mwishowe alimgeukia Swafia, na hakuwa amekasirika wala hakuwa ameridhika. Alikuwa anangoja, kama alivyowangoja wanafunzi wake wamalize aya.

Swafia alijifuta udongo usoni kwa kiganja. Alisogea mpaka akawa baina ya msingi na watu.

"Sikilizeni, wazee wangu na ndugu zangu," alisema. "Zege halitamwagwa hapa. Watoto wanatoka chumba hicho sasa hivi, na kuanzia leo watasoma ukumbini, upande wa njia. Jumatatu mimi na Ami tutamleta mhandisi, nami nitamshusha kisimani aone kwa macho yake. Ijumaa ijayo barua yangu isomwe tena pale pale iliposomwa, na lile neno lifutwe mbele ya watu. Nitaiandika upya usiku wa leo na kutia jina langu. Na mchanga huu wote unarudi barabarani kabla ya magharibi. Beleshi la kwanza nalishika mimi."